Mzee wa Betri Zilizochoka

Enzi zetu betri hazikufa. Zilichoka tu, kama mtu yeyote aliyefanya kazi wiki nzima, na dawa ya uchovu ilikuwa jua. Wewe uliyekulia Kyuso, au upande wowote wa Kitui ambako nguzo ya umeme ilikuwa kitu cha kuonekana ukisafiri, unajua ninachosema. Uliyatoa mawe ya redio, maana hivyo ndivyo tulivyoziita, ukayapanga juu ya bati kando ya ndengu zilizoanikwa, na jioni ukayarudisha yakiwa na nguvu ya kutosha taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji na nusu ya mahubiri. Kuna watu walioyauma kwa meno. Kuna walioyatoboa kwa msumari wakayanywesha maji ya chumvi. Mimi nilikuwa wa madhehebu ya jua, na sijaiacha imani hiyo.

Lakini leo sizungumzii redio. Nazungumzia albamu moja ya roki, ya wale Waingereza wenye nywele ndefu ambao wimbo wao mmoja ulijaza upande mzima wa santuri. Albamu hiyo nimeipenda, nimeiogopa, nimeionea fahari na kuionea haya, kwa zamu, kwa zaidi ya miaka arobaini. Jina lake sitalitaja. Haikuvuma hata kwao, na kama wale vijana bado wako hai basi ni wazee sasa. Sioni haja ya kuwasumbua kwa habari za yaliyowapata Kyuso.

Ilifika kwetu miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Kulikuwa na mwalimu Mwingereza wa kujitolea aliyefundisha hisabati katika sekondari, na muda wake ulipokwisha alimpa Baba gramafoni yake ya betri, kama shukrani kwa maziwa tuliyompelekea kila asubuhi kwa miaka miwili. Baba alikuwa karani wa josho la ng'ombe siku za kazi na mzee wa kanisa siku zote. Pamoja na gramafoni alipewa santuri tano. Nne zilikuwa za kwaya. Ya tano ilikuwa na picha ya ngazi ndefu iliyosimama peke yake jangwani, na juu kabisa ya ngazi, kiti cha daktari wa meno. Baba aliitazama sana ile picha. Akasema pengine ni ngazi ya Yakobo, ila wachoraji wa siku hizi hawamalizi kazi.

Tukaiweka. Na hapo ndipo kosa lilipotokea, kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea tu katika nyumba ya mzee wa kanisa: wimbo ule ulianza kwa kinanda. Kinanda kizito, cha taratibu, kinachopanda na kushuka kama kile cha siku za Pasaka. Baba alisimama. Akavua kofia. Mimi na dada yangu Mwende tukasimama kwa sababu Baba amesimama, na tukainamisha vichwa kwa dakika nne kamili mbele ya gramafoni ya plastiki. Kisha ngoma zikaingia, na nyuma yake gitaa likapiga yowe kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Baba alivaa kofia yake polepole.

"Hawa walianza vizuri," alisema. "Shetani amewakuta njiani."

Alinyoosha mkono kuinua sindano. Mama yetu, Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama, alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo. Hakuinua macho.

"Mwache mtu amalize," alisema. "Umeshamfungulia mlango."

Hivyo ndivyo Waingereza wale walivyopata kibali cha kuishi kwetu. Baba aliamua kutojua. Santuri ile haikupigwa akiwa nyumbani, na haikupigwa Jumapili, lakini alasiri za siku za josho, shamba likishaisha na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ukiwa jikoni ukitokota kwa saa zake nne, Mwaitu angetandika ngozi yake penye kivuli cha ukuta, asokote mkonge pajani, na kusema, "Haya, mwiteni mzee wangu."

Mzee ni yule mwimbaji. Maana lazima nieleze: gramafoni ile ilikula mawe sita makubwa, na mawe sita makubwa yalikuwa kitu cha kununuliwa wakati mbuzi amekwenda soko la Mwingi. Katikati ya mbuzi na mbuzi tuliishi kwa jua. Mimi ndiye niliyepanda juu ya bati. Mawe yakiwa mapya, sahani ilizunguka inavyotakiwa kwa siku chache. Halafu ilianza kuchoka, na wimbo ukachoka nayo. Kinanda kilizama. Ngoma zilitembea kama ng'ombe wanaorudi kutoka kisimani. Na mwimbaji, ambaye siku ya mawe mapya alikuwa mtu tu, aligeuka kuwa mzee mnene, mwenye sauti ya kutoka tumboni, asiye na haraka na lolote duniani. Kwa kuwa siku za mawe mapya zilikuwa chache, huyo mzee ndiye tuliyemjua. Yule mwingine tulimhesabu kama mgeni anayepita kila mbuzi anapouzwa.

Tuligawa wimbo ule kwa vipande na kuvipa majina. Mwanzo ni Kanisa. Kisha Fisi, pale gitaa linapolia na watu wanacheka nyuma ya pazia. Kisha Mvua, sehemu ndefu, tulivu, ya nyuzi zinazodondoka moja moja. Mwisho kinanda kinarudi, na hilo likawa Kanisa la Pili. Watoto wa jirani waliacha mpira wa matambara uwanjani wakaja kushindana nani ataweza kukaa ndani ya nyumba peke yake wakati wa Fisi. Mimi, ambaye leo naandika kuhusu muziki kama mtu mwenye mamlaka, sikuwahi kushinda. Fisi wa mawe mapya nilimvumilia. Fisi wa mawe yaliyochoka, yule wa sauti nzito inayojikokota, alinitoa mbio hadi zizini. Mwende alinisubiri mlangoni nirudi, mikono kiunoni.

"Mwanamume wa nyumba," alisema. "Umekwenda kuhesabu mbuzi?"

Nilikuwa darasa la sita, na katika nyumba yetu hiyo ilimaanisha kwamba Kiingereza chote kinachoingia hupitia kwangu. Siku moja, wakati wa Mvua, mzee alipokuwa akiimba kwa ile huzuni yake nzito, Mwaitu aliuliza, "Anasema nini?"

Sikujua anasema nini. Niliokota neno moja kati ya kumi, na hilo moja halikuwa na maana. Lakini mtoto aliyenunuliwa sweta ya shule kwa ndengu za msimu mzima hasemi hajui.

"Anasema mvua haijanyesha kwao," nikasema.

Mwaitu aliacha kusuka. Ule ulikuwa mwaka ambao ndengu zilikauka zikiwa na maua, na tulikuwa tukienda shuleni tukibeba maji ya kunywa kwenye chupa kama watu wanaobeba dawa.

"Hata huko?" alisema. "Maskini. Ndiyo maana anavuta sauti hivyo."

Jioni ile, tulipopiga magoti kabla ya kula, Mwaitu aliwaombea wagonjwa, akawaombea walimu, akaiombea serikali, kisha akasema, "Na yule mzee wa mbali, Bwana, umkumbuke na kwao." Baba alifungua jicho moja. Mimi niliyafumba yangu kwa nguvu zaidi. Aliendelea kumwombea, na mimi niliendelea kutafsiri. Mzee alipata jamaa, akapata ng'ombe wawili na binti aliyeolewa mbali. Hakuna mwimbaji wa roki aliyewahi kuwa na maisha ya heshima kama yale niliyompa.

Nikafaulu mitihani, nikaenda chuo kikuu Nairobi. Mwaitu alinisukia kiondo cha kubebea vitabu. Kilikuwa na rangi zisizo na mpango: vipande vya zambarau, vyeusi na kijani, vingine vifupi, vingine virefu, vimefuatana vikizunguka kiondo kizima bila mstari wala umbo. Viondo vya wenzake wa kikundi cha kanisa vilikuwa na mistari iliyonyooka kama sajini. Nilimshukuru. Kisha nikafikiria mtu anayeingia chuo kikuu na kiondo kama mama anayekwenda sokoni, nikakitundika kwenye msumari, nikaondoka na sanduku la kuazima.

Chuoni, ghorofa ya tatu ya bweni, aliishi kijana mmoja wa Nakuru mwenye stereo ya umeme na santuri nyingi za aina ile. Siku niliyoiona ile ngazi na kile kiti kisicho na meno ya kung'oa, nusura nimkumbatie. "Hii ni ya kwetu!" nikasema. Alinitazama kwa shaka, akaiweka.

Sikumjua aliyeimba. Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba, yenye haraka, kama mtu aliyetumwa na anaogopa kusahau. Ngoma zilikimbia. Kinanda kilipita mbele yangu kama gari la mkuu wa wilaya. Mvua haikudondoka, ilimwagwa. Nilikaa kitandani kwa mtu nikijihisi kama niliyerudi nyumbani nikakuta wapangaji. Usiku sikulala vizuri. Halafu, msomaji wangu, nikafanya anachofanya kila msomi kijana akigundua kwamba maisha yake yote amekosea: nikaanza kujivunia kuwa sahihi. Nikajiunga na watu wanne waliokutana Jumamosi mchana kusikiliza nyimbo ndefu wakitikisa vichwa. Tulisema "muundo." Tulisema "dhana." Wenzetu walikuwa chini uani wakicheza rumba na wasichana, na sisi tuliwahurumia.

Desemba nilirudi Kyuso na redio ya kaseti, mawe mapya ndani yake, na wimbo ule ukiwa umenakiliwa kwa mwendo wake halisi. Ilikuwa alasiri. Baba alikuwa joshoni. Mwaitu alikuwa penye kivuli chake na kiondo kipya mapajani, na Mwende alikuwa akichambua ndengu.

"Mwaitu," nikasema, na nilikuwa nimesimama, naona aibu kusema nilikuwa nimesimama, "leo utausikia ule wimbo jinsi ulivyo."

Nikauweka. Yule kijana akaimba. Na mimi nikafundisha. Nikaeleza kuhusu mizunguko ya sahani kwa dakika. Nikaeleza kwamba mzee wake hakuwa mzee, alikuwa mvulana wa miaka ishirini na miwili. Nikaeleza kwamba wimbo unahusu mtu aliyekwama ndani ya lifti ya jumba refu anatafakari maana ya maisha.

"Lifti ni nini?" Mwaitu aliuliza.

"Ni kama sanduku kubwa, Mwaitu. Linapandisha watu ghorofani."

"Na mvua?"

"Hakuna mvua. Nilikuwa mtoto. Nilitunga."

Alitoa uzi aliokuwa ameushika kwa meno.

"Kumbe," alisema.

Akasikiliza kidogo tena. "Kumbe miaka yote hii nimemwombea kijana aliye ndani ya sanduku." Alisema hivyo kwa kicheko kidogo, nami nikacheka naye, nikidhani tunacheka pamoja. Kisha akaweka kiondo chini, akainuka, akasema anakwenda kuangalia muthokoi. Muthokoi haukuwa umeinjikwa.

Mwende aliendelea kuchambua ndengu. Alitupa jiwe moja, la pili, la tatu.

"Ulikuwa na haja gani?" aliniuliza.

"Nilimwambia ukweli."

"Alikuomba?"

Likizo iliyofuata gramafoni ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa. Nilipouliza santuri iko wapi, Mwaitu alisema, bila kinyongo chochote, "Ile yenu ya chuoni? Inafunika mtungi wa unga. Inatosha mdomo vizuri." Nikaenda kuangalia. Kweli ilitosha. Hakumwita tena mzee wake, wala kumtaja wakati wa maombi. Nilimsubiri nikiwa nimepiga magoti, jicho moja wazi kama Baba. Aliwaombea wagonjwa, walimu, serikali, akasema amina.

Watu wameumiza mama zao kwa mambo makubwa zaidi, najua. Lakini haya yangu madogo yalikaa. Niliajiriwa, nikaoa, nikapata kitambi, Baba akatutoka, na katikati ya hayo yote, mara moja moja, nilisikia lile "kumbe."

Na albamu yenyewe? Nimeendelea kuisikiliza, kwa moyo uliogawanyika. Nikiwa mkweli, ni kazi ya vijana wenye vipaji ambao hakuna mtu mzima aliyewaambia inatosha. Ngoma za katikati ni ndefu kama kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa, na kama kikao hicho zinaishia palepale zilipoanzia. Maneno ya mtu wa liftini ni ya mtu ambaye hajawahi kukosa maji. Nimewahi kuizima katikati, kwenye foleni ya magari, nikasema basi, nimekua. Halafu kinanda cha mwanzo kikinikuta mahali pasipo na watu, mkono wangu huinuka wenyewe kuvua kofia ambayo sina.

Agosti iliyopita nilikwenda nyumbani na binti yangu Mumo, ambaye yuko chuo kikuu mwaka wa pili. Kizazi chao kimenizidi kwa mengi, lakini kuna jambo moja silielewi. Mumo husikiliza kila kitu kwa mwendo mara mbili. Mihadhara, mahubiri, ujumbe wa sauti wa shangazi yake Mwende. Wahadhiri wake wote wanaongea kama panya waliofumaniwa ghalani, naye anaandika na kuelewa. Nilimuuliza anaharakisha kwenda wapi. Akasema, "Nikimaliza mapema napata wakati wa kupumzika, Dadi." Sijawahi kumwona akipumzika.

Mwaitu sasa amepita themanini. Macho yana ukungu, lakini vidole bado viko kazini. Alimtuma Mumo stoo amletee kiti, na Mumo akarudi na kiti, vumbi puani, na kiondo changu cha chuoni.

"Susu," alimwita bibi yake, "hii nani alisuka? Ni kali sana! Kule mjini watu wangepigania."

Mwaitu alikipokea, akakipapasa mara moja tu.

"Ah," alisema. "Hii ni ya yule mzee wangu."

"Mzee gani, Susu?"

"Aliyekuwa anaimba." Akachukua kidole cha Mumo akakiweka kwenye kitako cha kiondo, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Akianza Kanisa, naweka zambarau. Hiyo ilikuwa ya kitambaa cha kanisa kilichochakaa. Akifika kwa Fisi, naweka nyeusi. Mvua, kijani, nilifumua sweta ya baba yako ya shule. Akirudi Kanisa, narudi zambarau. Akinyamaza, nanyamaza. Kesho tunaanza tena pale pale."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Sikuthubutu kuiweka chini.

"Mbona hapa vipande ni vifupi," Mumo aliuliza, "na hapa ni virefu?"

"Hapo mawe ni mapya. Anaimba haraka, mkono haujafika mbali ameshahamia kwingine. Hapa ona, yameanza kuchoka. Hapa yamechoka kabisa, Fisi peke yake amezunguka nusu ya kiondo." Alicheka. "Baba yako amekimbilia zizini. Halafu hapa, fupi tena. Mbuzi ameuzwa."

Mizunguko ya kiondo kizima, kuanzia kitako hadi mdomo. Kila alasiri ya miaka ile ilikuwa imeandikwa mle, na mimi nilikuwa nimekiita hakina mpango.

"Mwaitu," nikasema, "kwa nini hukuniambia siku ile?"

Aligeuza uso upande wangu. "Siku ile ulikuwa unafundisha," alisema, kwa upole, kama anayetaja kwamba siku ile nilikuwa na homa.

Nikatoa simu. Siku hizi hata albamu isiyovuma iko mle, imekaa na nyimbo zote za dunia kama mahujaji kwenye ukumbi. Niliiweka kwenye meza mbele yake, nikabonyeza. Kinanda kikaanza kwa ule mwendo wake wa gari la mkuu wa wilaya. Mwaitu alisikiliza kwa heshima, mikono juu ya kiondo, vidole vimetulia.

"Hapana," alisema baada ya muda. "Huyu ni kijana wako. Ni mzuri pia. Asante, mwanangu."

Ile "asante" ilinishinda. Mumo ndiye aliyenyoosha mkono.

"Dadi, si tushushe spidi?"

Akabonyeza. Ngoma zikapungua mwendo, lakini sauti ikabaki ya mvulana, ila sasa mvulana mlevi. Mwaitu akatikisa kichwa.

"Hiyo inashusha mwendo tu," nikasema. "Tunataka ishuke yote. Izame."

"Iharibike, yaani."

"Iharibike vizuri."

Mumo alinitazama kama mtu anayesikia baba yake akisema jambo la maana kwa mara ya kwanza. Akatafuta, akapakua kitu kingine, akahangaika nacho dakika mbili tatu. Binti anayeishi kwa mwendo mara mbili, ameinama juu ya simu anatafuta njia ya kuchelewesha dunia. Akaanza kushusha.

"Hapo, Susu?"

"Bado anakimbia."

"Hapo?"

"Bado. Huyo amekula kidogo tu, hajashiba."

"Sasa?"

Kinanda kilizama. Ngoma zikaanza kutembea kwa miguu, zikirudi kutoka kisimani. Na kutoka chini kabisa, kutoka tumboni, akaja mtu mnene asiye na haraka.

"Huyo," Mwaitu alisema. Akaegemea ukuta. "Huyo sasa ndiye."

Kidole chake kilikuwa kwenye zambarau. Kikaanza kutembea juu ya nyuzi, si haraka, na pale gitaa lilipolia kilikuwa kinaingia kwenye nyeusi. Zizi halikuwa mbali, na nakiri kwamba nywele zilinisimama, lakini safari hii nilibaki. Fisi akapita. Nyuzi zikaanza kudondoka moja moja, kidole kikaingia kwenye sweta yangu ya darasa la sita, na mzee akaanza kuimba kwa ile huzuni yake.

"Anasema nini?" Mwaitu aliuliza.

Niliyasikia maneno yote. Sasa nayaelewa yote, hata yasiyostahili. Mumo naye aliyasikia. Nilimwona akikunja uso kwa habari za lifti. Mwaitu alingoja, macho yake yenye ukungu yakitazama mahali fulani kati yetu. Sijui kama alikuwa ananijaribu. Yeye ndiye aliyenizaa, na hajawahi kusahau kitu.

"Anasema imenyesha," nikasema. "Kwao. Anasema imenyesha, Mwaitu."

Aligeuka upande wa mjukuu wake. "Ni kweli anasema hivyo?"

Mumo alinitazama. Kisha akasogea karibu na bibi yake, akaegemeza kichwa begani kwake.

"Ni kweli, Susu. Anasema imenyesha sana. Hata visima vimejaa."

"Asante Mungu," Mwaitu alisema. "Alingoja, huyo."

Kanisa la Pili lilikuwa limeanza, na kidole kilikuwa kimegusa zambarau, simu ilipotoa mlio mdogo na kuzimika. Kimya kikaingia uani, kile kimya cha Kyuso ambacho ndani yake unasikia mbuzi akitafuna mbali.

"Mawe yamechoka?" Mwaitu aliuliza.

"Yamechoka, Susu," Mumo akasema, akicheka.

"Basi si muyaanike."

Enzi zetu tulikuwa na wimbo mmoja, na tulipanda juu ya bati kuutafutia nguvu za siku mbili. Hawa watoto wana nyimbo zote zilizowahi kuimbwa na hawana hata mmoja wanaoungojea. Nilikuwa karibu kuyasema haya kwa sauti, kwa ile sauti yangu ya kusimama, lakini nikainua macho juu ya nyumba. Pale pale nilipokuwa nikipanga mawe kando ya ndengu, Mwende aliweka paneli ya sola mwaka juzi. Imelala juu ya bati, inaota jua. Nikachukua simu yangu, nikaenda kuichomeka kwenye waya unaoshuka kutoka juani, na niliporudi nilimkuta Mwaitu ameketi vilevile, kiondo mapajani, kidole kwenye zambarau mahali alipoachia, anangoja mzee wake amalize.